Mbwa anasimama, wewe unapiga: picha za mtaani wakati wa kumtembeza mbwa

Mbwa hatoki getini ili apigwe picha. Anatoka kunusa, kukojolea nguzo na kujua nani kapita usiku. Ukimkatiza kila hatua kumi ili umpange, baada ya muda atageuza uso kila akiona simu, nawe utabaki na picha za kisogo. Muache yeye apange mwendo, wewe utumie vituo vyake. Anasimama sekunde tano kwenye nguzo ya umeme, nusu dakika kwenye shina la mwarobaini, dakika nzima mbele ya geti lenye mbwa mwenzake. Muda huo unatosha kabisa, mradi simu iwe tayari na mkono mmoja uwe huru.

Maelezo haya yamelenga mitaa ya Dar es Salaam: Sinza, Kinondoni, Mikocheni, Msasani, Mbezi Beach. Wa Tanga na Mombasa hawatakuwa na mengi ya kubadilisha. Wa Nairobi wapunguze tahadhari za joto na waongeze sweta.

Kamba kwanza

Picha nyingi za matembezi huharibika mkononi kabla hata kamera haijafunguliwa: mbwa anavuta, simu inatikisika, mwenye mbwa anapiga huku akirudi kinyumenyume. Tumia kamba bapa ya mita moja na nusu hadi mbili, upana wa sentimeta mbili hivi. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio cha plastiki hazifai kwa kazi hii. Kishikio kinakula mkono mzima, kikidondoka kinamfuata mbwa kwa kelele na kumkimbiza, na uzi wake mwembamba ukikaza kwenye kiganja unachana ngozi. Mnyororo nao ni mzito, unalia, na kwenye picha unamfanya mbwa mpole aonekane wa lindo.

Njia bora ya kuwa na mikono miwili ni kufunga kamba kwenye mkanda wa kiunoni kwa klipu imara ya chuma. Mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano au ishirini hana shida. Kwa mbwa mzito kuliko theluthi ya uzito wako, usijaribu: akiona paka atakuangusha, na utaanguka ukiwa umeshika simu. Huyo mshike mkononi, kitanzi kikiwa kimepita kwenye kifundo na kamba imelala kiganjani. Usiizungushe kamba vidoleni hata mara moja. Mbwa akishtuka ghafla, vidole ndivyo vinavyovunjika.

Unapotaka kupiga akiwa amesimama, kanyaga kamba. Fanya hivi:

1. Mbwa akisimama kunusa, simama naye na ulegeze kamba.
2. Kanyaga kamba kwa unyayo, ukiacha urefu wa kumwezesha kusimama na kuinamisha kichwa kwa raha, lakini si kuruka. Kwa mbwa wa kimo cha goti, sentimeta 70 hivi kutoka kwenye kola hadi kwenye kiatu.
3. Endelea kushika kitanzi. Mguu ni breki ya pili tu.
4. Piga, kisha inua mguu kabla hujaanza kutembea.

Hatua ya nne husahaulika sana, na matokeo yake ni mbwa kukabwa shingo. Kama mbwa wako hupenda kurusha mwili ghafla, mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kola, ili nguvu ishuke kifuani.

Neno moja la amri linatosha kwa kazi hii: "subiri." Mfundishe ndani ya ua kabla ya kumfundisha barabarani. Mwambie, hesabu moja hadi mbili, mpe kipande cha ini lililochemshwa chenye ukubwa wa punje ya hindi. Akishaweza sekunde mbili, nenda tano, halafu kumi. Wengi hushindwa kwa sababu wanaruka kutoka sekunde mbili hadi nusu dakika, mbwa anakosea mfululizo na neno linapoteza maana. Dagaa pia wanafaa, ila walowekwe na kubadilishiwa maji ili chumvi ipungue. Ukiwa barabarani, usitumie "subiri" zaidi ya mara chache kwa safari moja. Vituo vingine viwe vyake.

Upande wa barabara, na simu yako

Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo mtembea kwa miguu akae kulia ili aone kinachokuja. Hapo barabara iko upande wako wa kushoto. Mbwa awe kulia kwako, upande wa ukuta, mbali na bajaji na bodaboda. Hilo linaacha mkono wa kushoto huru, na huo ndio mkono ulio karibu na pikipiki. Vibaka wa pikipiki wanajua hivyo kuliko wewe.

Kwa hiyo simu ikae mfukoni wakati wote unapotembea. Itoke ukishasimama, ukiwa na mgongo ukutani au mtini na uso barabarani, kisha irudi mfukoni kabla hujapiga hatua. Kamba fupi ya kuvaa kwenye kifundo, inayofungwa kwenye kava la simu, haimzuii kibaka aliyedhamiria, lakini inaokoa simu mbwa anapokuvuta ghafla, jambo linalotokea mara nyingi zaidi. Kwenye barabara kubwa kama Bagamoyo au Shekilango usipige kabisa. Ingia mtaa wa ndani wenye vumbi, huko ndiko kuna picha hata hivyo.

Tayarisha simu ukiwa nyumbani

Ukianza kutafuta mipangilio mbwa akiwa ameshasimama, umechelewa. Haya yafanywe mara moja tu.

Weka njia ya mkato ya kamera. Simu nyingi za Android hufungua kamera ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka. Kama yako haifanyi hivyo, tafuta kwenye mipangilio. Kwa iPhone, telezesha kioo kilichofungwa kuelekea kushoto. Kisha jaribu kupiga kwa kitufe cha sauti badala ya kugusa kioo. Kwa mkono mmoja wenye jasho, kitufe hakikosewi.

Washa gridi, zile nyaya mbili za wima na mbili za ulalo. Hazikufanyi msanii, lakini zinanyoosha kuta na mageti. Zima flashi moja kwa moja: inamshtua mbwa na kumtia macho ya kijani. Zima pia urembo wa uso ambao simu nyingi za bei nafuu huja nao ukiwa umewashwa. Unalainisha manyoya hadi mbwa anaonekana wa plastiki.

Kama simu yako ina lenzi tatu nyuma, tumia ile kuu. Kwenye simu za bei ya chini, lenzi ya pili na ya tatu mara nyingi ni za megapikseli 2, zimewekwa kwa ajili ya tangazo. Ukitaka kukaribia, karibia kwa miguu.

Halafu lenzi yenyewe. Ukungu unaoonekana kwenye picha nyingi za asubuhi si ukungu wa Dar, ni mafuta ya kidole. Futa kwa kipande cha kanga iliyozeeka, laini na kavu, kabla ya kila safari. Usitumie fulana yenye jasho, inasambaza chumvi.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka ni kiyoyozi. Kama umelala kwenye chumba chenye ubaridi na ukatoka nje saa kumi na mbili, unyevu wa hewa utaganda kwenye kioo cha lenzi papo hapo, na kufuta hakusaidii kwa sababu kioo bado ni baridi. Toa simu au kamera chumbani dakika kumi na tano hadi ishirini mapema, uiweke sebuleni au barazani wakati unamtafutia mbwa kamba. Kamera kubwa iache ndani ya mkoba wake hadi ipate joto.

Mwanga una haraka

Huku karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi haudumu. Dar jua huwahi zaidi mwanzoni mwa Novemba, dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi, na huchelewa zaidi mwezi Julai, karibu saa 12 na dakika 35. Saa moja baada ya kuchomoza, kivuli cha mbwa kina urefu wa karibu mara nne ya kimo chake. Ikipita saa nyingine kimeshuka chini ya mara mbili. Baada ya hapo rangi inapauka, vivuli vinaingia chini ya macho na kidevu, na mbwa naye ameanza kuhema. Mchana usijisumbue, hasa mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua linapopita utosini kabisa.

Jioni jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, na giza linaingia upesi. Toka saa kumi na moja. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu utapata picha moja nzuri na kumi zenye ukungu wa mtikisiko.

Kwa nusu saa ile ya kwanza ya jua kuna mkao mmoja unaolipa kuliko yote: mbwa awe kati yako na jua. Masikio yanawaka rangi ya chungwa kwa sababu mwanga unapenya ngozi, na manyoya ya mgongoni yanapata ukingo wa dhahabu. Gusa uso wa mbwa kwenye kioo na ushikilie hadi simu ifunge fokasi na mwanga, kisha teleza kidole kushuka kidogo ili anga isichomeke. Kama miale inaingia moja kwa moja na kupausha picha, sogea hadi jua lifichwe na shina, nguzo au kichwa cha mbwa mwenyewe. Usishangae simu ikileta giza usoni. Hilo linarekebishika nyumbani. Anga iliyochomeka nyeupe hairudi.

Ukitaka bahari, kumbuka pwani ya Dar inatazama mashariki. Coco Beach ni ya macheo. Anayekwenda huko jioni akitarajia jua lizame majini atalikuta liko nyuma yake, juu ya nyumba. Maji nayo yana ratiba yake: hupwa na kujaa kwa kuchelewa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo ukikuta maji yamejaa hadi kwenye matumbawe leo asubuhi, baada ya wiki moja saa ileile yatakuwa yamepwa na mawe yenye vidimbwi yako wazi. Ukirudi, futa simu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu. Chumvi ikikaukia kwenye tundu la chaji inaleta kutu.

Shuka chini

Picha ya mbwa iliyopigwa kutoka kimo cha mtu mzima inaonyesha mgongo na kichwa kikubwa chenye miguu midogo. Lenzi kuu ya simu ni pana, inakuza kilicho karibu, na ukisimama juu yake kilicho karibu ni pua. Rudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili, weka kukuza mara mbili (2x), na shuka hadi lenzi iwe kwenye kimo cha macho yake.

Kuchuchumaa kila kituo kunachosha magoti, na mbwa wengi huona ni mwaliko wa kukulamba. Kuna njia rahisi: geuza simu juu chini. Lenzi iko sehemu ya juu ya simu, kwa hiyo ukiipindua inakuwa sentimeta mbili tatu kutoka ardhini huku wewe umeinama kidogo tu. Barabara ya vumbi inakuwa mandhari, dimbwi la mvua linakuwa ziwa, na mbwa wa kimo cha goti anasimama kama simba. Simu yenyewe itageuza picha ikae sawa. Katika masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, njia hii ndiyo inayotoa picha za vivuli ndani ya maji: weka ukingo wa simu karibu na maji kabisa, mbwa akiwa upande wa pili wa dimbwi. Asinywe. Maji yaliyotuama mtaani huenda yamebeba mkojo wa panya, na huo hueneza leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaompata mbwa na hata mtu.

Kabla ya kubonyeza, angalia nyuma ya kichwa chake. Nguzo ya umeme ikiota kati ya masikio, sogea hatua moja pembeni. Kamba usiihangaikie, ikiwa imelegea inasomeka kama sehemu ya matembezi. Iliyokaza ndiyo mbaya, kwa kuwa inapindisha kola na shingo na macho yanatoka.

Kumfanya akutazame, usimwite jina lake. Jina ukilitumia ovyo linachuja, na siku akikimbilia barabarani utalihitaji. Toa sauti ngeni mara moja tu: kubofya ulimi, mlio wa karatasi ya maandazi, kukwaruza ukuta kwa ukucha. Masikio yatasimama kwa sekunde moja. Kidole kiwe kimeshagusa kitufe kabla ya sauti, kwani simu za bei nafuu huchelewa kidogo kupiga baada ya kubonyezwa.

Mweusi, mweupe, na anayekimbia

Kamera inadhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Mbwa mweusi akijaza fremu, itaongeza mwanga hadi awe kijivu na nyuma yake pachomeke. Akiwa mdogo ndani ya fremu yenye mchanga au anga, itafanya kinyume, na atakuwa shimo jeusi lisilo na macho. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya "ongeza" au "punguza" kwa mbwa mweusi. Kinachosaidia siku zote ni kumhamishia kwenye kivuli cha wazi, yaani kivuli cha ukuta ambapo anga bado inamulika, nyuma yake pakiwa na rangi ya kati: udongo mwekundu, ukuta wa kijani, ua wa michongoma. Gusa uso wake, tazama kama jicho lina nukta ya mwanga, kisha piga. Bila ile nukta, jicho jeusi kwenye uso mweusi halionekani.

Mweupe ni rahisi zaidi: manyoya yakichomeka, punguza mwanga kidogo mpaka uyaone mojamoja; akitoka kijivu, ongeza kidogo. Wale wa kahawia na wekundu, ambao ndio wengi katika mbwa wa kienyeji, wanakubali karibu mwanga wowote. Tatizo lao ni kufanana na udongo. Watafutie geti la bluu.

Mbwa anayetembea anahitaji kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde au zaidi, anayekimbia 1/1000. Simu ikiwa kwenye hali ya kawaida inajichagulia yenyewe, na saa kumi na mbili asubuhi chini ya miembe itachagua polepole. Ndiyo maana picha za kwanza za siku huwa na mikia minne. Subiri jua liingie mtaani, au piga akisimama. Hali ya usiku ni mbaya zaidi, kwani inakusanya mwanga kwa sekunde nzima au zaidi na hakuna mbwa anayekaa sekunde nzima. Akikimbia ndani ya uwanja, tumia mfululizo: shikilia kitufe, au kwenye simu nyingine ukiteleze pembeni au chini, upate picha kumi kisha uchague ile ambayo miguu yote iko hewani. Futa tisa zilizobaki siku hiyohiyo.

Kwa mwenye kamera ndogo yenye lenzi ya kubadilisha, weka hali ya kipaumbele cha upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), f/4 hadi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya kujiendesha yenye kikomo cha 3200, na kasi ya chini kabisa 1/250. Lenzi ya milimita 35 au 50 inatosha mtaa mzima. Lenzi ndefu iache nyumbani: ni nzito, inavutia macho yasiyotakiwa, na kumpiga mtu kutoka mbali bila yeye kujua ni tabia mbaya mtaani.

Mtaa wenyewe

Nusu ya picha zako zisiwe za mbwa. Yeye anapochunguza harufu ya ukuta, wewe una nusu dakika ya kuchunguza ukuta wenyewe: vipande vya chupa vinavyong'aa juu yake, namba ya simu ya fundi bomba iliyopakwa kwa brashi, "HAPAUZWI" ya rangi nyekundu. Mageti ni mradi mzuri wa kuanzia kwa sababu hayakimbii. Piga kila geti ukiwa umesimama usawa wake, umbali uleule, kingo zikiwa sambamba na gridi, mbwa akiwa pembeni mwa fremu kama kipimo. Mageti ishirini yaliyopigwa hivyo ni mfululizo wenye maana. Mageti ishirini yaliyopigwa kila moja kwa pembe yake ni takataka.

Mti mmoja pia unatosha mwaka mzima. Chagua mkrismasi ulio kwenye njia yenu na uupige kutoka jiwe lilelile. Majani, kisha matawi matupu, kisha Novemba na Desemba unawaka mwekundu, na mbwa amesimama chini kwenye zulia la maua. Mengine yapige yanapokuja: moshi wa mkaa wa muuza chapati ukichanwa na miale ya jua, baiskeli ya muuza mkate, kunguru kwenye waya, kivuli chako na cha mbwa vikiunganishwa na kivuli cha kamba. Hicho cha mwisho kinataka jua mgongoni na barabara isiyo na mashimo.

Watu

Mbwa kwetu kwa wengi ni wa lindo, na anayekuja na mbwa anaogopwa kabla hajasalimia. Fupisha kamba hadi mbwa awe ubavuni kila unapopishana na mtu, hata kama mbwa wako hajawahi kung'ata. Watoto wakikimbia wakipiga kelele, simama, usiendelee kutembea. Mbwa hufukuza kinachokimbia. Kwa Waislamu wengi wa pwani mate ya mbwa ni najisi, na kanzu ikiguswa na pua yenye maji itabidi ioshwe kwa utaratibu wake. Karibu na msikiti vuka upande wa pili, hasa alfajiri watu wakiwa wanatoka swala. Hiyo ni adabu ya kawaida, na inakujengea mtaa utakaokuruhusu kupiga picha.

Ruhusa huombwa kwa salamu. "Shikamoo mama. Naomba nipige picha ya genge lako, nyanya zimependeza." Akikataa, "haya mama, asante," na unanunua nyanya kama ulikuwa na nia. Akikubali, piga tatu, mwonyeshe, na kesho yake mtumie kwa WhatsApp au mpelekee moja iliyochapishwa. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kujua, hata wakikuzunguka wakisema "tupige, tupige." Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa hizo tangu 2022, Kenya tangu 2019. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu na makazi yanayolindwa na askari usielekeze kamera kabisa. Msasani na Oysterbay kuna balozi nyingi, na mlinzi akikuambia zima, zima.

Alfajiri kuna pia mbwa wa lindo walioachiwa usiku na bado hawajafungiwa. Ukimwona anakuja, weka simu mfukoni kwanza. Simama, geuka ubavu, weka mbwa wako nyuma yako, usikimbie. Kuinama kama unaokota jiwe huwasimamisha wengi wao, wanaijua ishara hiyo tangu utotoni. Mbwa wako awe na chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka. Wewe au mtu mwingine aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano na nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataumwa.

Joto na vinavyobebwa

Weka mgongo wa kiganja kwenye lami na uhesabu hadi saba. Ukishindwa, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Asubuhi uwe umerudi kabla ya saa mbili na nusu. Akianza kuhema ulimi ukiwa mpana na mwekundu sana, mate yakiwa mazito, au akitafuta kila kivuli, picha zimekwisha: mpe maji, mlowanishe tumbo na nyayo, mrudishe polepole.

Beba nusu lita ya maji yake, kibakuli cha kukunja au kifuniko cha ndoo ndogo, vipande vya ini kwenye kopo, na cha kuzolea kinyesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo watu hutumia gazeti lililokunjwa mara mbili au karatasi ya mkate iliyokwisha. Usiweke kopo la ini mfuko mmoja na simu. Mbwa atanusa mfuko huo kila unapotoa kamera, na kila picha itakuwa ya pua.

Mkirudi, mkague kupe kabla ya kukagua picha: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Nyasi za viwanja visivyojengwa zimejaa.

Baada ya kurudi

Chagua siku hiyohiyo, dakika kumi tu. Bakisha tatu kwa safari, hata kama zote zinakupendeza. Nyoosha upeo, kata pembeni kilichoingia bila kualikwa, ongeza mwanga kwenye vivuli kidogo, basi. Picha ya megapikseli 12 inachukua megabaiti tatu hadi tano, na simu yenye nafasi ndogo itajaa ndani ya miezi michache ukiacha kila kitu.

Kama utazisambaza, zima rekodi ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Picha za kila asubuhi zenye GPS, zote zikianzia geti moja saa ileile, zinamwambia mgeni unapoishi na saa ambazo nyumba haina mbwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama faili ili ubora usipungue, zinakwenda nazo. Kwa ubora mzuri bila faili, chagua alama ya HD kabla ya kubonyeza tuma. Namba ya nyumba na namba za magari ya majirani zikate au zifunike.